Mdandiaji wa Sant Marçal

Gisela Puigdollers alitoa baiskeli nje akiwa amenuna. Simu ameibana kati ya shavu na bega, na upande wa pili mdogo wake, Eudald, anajieleza.

"Goti, dada. Haki ya Mungu limevimba."

"Wiki iliyopita ulikuwa mgongo."

"Mgongo umepona. Maumivu yamehamia kwenye goti."

"Ulimi ndio hauumwi hata siku moja."

Akakata simu.

Jumapili iliyokuwa inakuja chama chao cha baiskeli cha Sant Celoni kilikuwa na msafara wa mwaka: kupanda hifadhi ya Montseny mpaka Santa Fe, kupita Sant Marçal, kuteremkia Viladrau na kurudi kwa njia ya Coll Formic. Upepo ulikuwa umevuma vibaya, na ilibidi mtu apande akaone kama barabara ina matawi na mawe. Mwenyekiti, Llorenç, alisema waende watatu. Kisha yeye akapata wageni, Eudald akapata goti, na Gisela, aliyeshinda tangu asubuhi akifundisha watu kuendesha magari na kukanyagiwa breki bila sababu, akapata mlima peke yake.

Kama kila mwaka.

Alipanda kwa hasira. Kona baada ya kona alisimama, akavuta tawi kando, akapiga teke mawe, akaendelea. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya kilele cha Turó de l'Home, na msitu ulinuka majani yaliyooza na uyoga. Chini kidogo ya Santa Fe alimkuta mwanamume amesimama kando ya barabara na baiskeli yake. Uso mweupe kama karatasi.

"Umepata pancha?" Gisela akauliza.

Yule bwana akatikisa kichwa. "Pita. Pita tu, dada... tangulia."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba. Gisela akapita. Alipogeuka, yule bwana alikuwa ameshapanda baiskeli na anateremka mbio, bila hata kuwasha taa.

Hapo ndipo aliposikia.

Tk-tk-tk-tk-tk...

Alidhani ni mwendesha baiskeli mwingine amekuja kujikinga upepo nyuma yake. Ni jambo la kawaida: mmoja anakaa mbele, anaumia na upepo, kisha wanapokezana.

"Habari za jioni!"

Tk-tk-tk.

Akampa muda. Kisha akapunga kiwiko: njoo mbele, zamu yako. Hakuna aliyekuja.

"Wewe bwana, hata salamu huna? Basi shika zamu!"

Aligeuza shingo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Aliona kipande cha tairi la mbele, karibu sana na tairi lake la nyuma, na juu ya hilo tairi hakuona kitu. Harufu ikamfikia. Majivu yaliyomwagiwa maji, na sufi mbichi ya kondoo.

Akasimama. Mlio ukasimama.

Akangoja apitwe. Hakupita mtu. Akainua baiskeli, akazungusha gurudumu, akatazama cheni, breki, spoki moja moja. Kila kitu kizima. Akatukana kwa sauti, akapanda tena.

Tk-tk-tk-tk-tk...

Na sasa baiskeli ilikuwa nzito. Nzito kama imefungwa gunia la mchanga. Alishusha gia mpaka ya mwisho, akasimama juu ya pedali, jasho likamwingia machoni, na bado alikuwa akitambaa kama kobe. Kila mtu maishani mwangu, aliwaza, kila mtu ananidandia. Hata msituni!

Ndipo jambo moja likampiga kichwani. Mlio ule wa gurudumu la nyuma hutoka pale mtu anapoacha kukanyaga pedali. Unausikia kwenye mteremko.

Hapa palikuwa mlimani.

Aliyekuwa nyuma yake alikuwa anapanda mlima bila kukanyaga.

Gisela hakugeuka tena. Alikanyaga mpaka kwenye chemchemi ya Sant Marçal, ambako, kwa bahati, kulikuwa na gari limewasha taa. Bibi mmoja aliyevaa koti la mvua alikuwa akijaza madumu ya maji. Gisela alimjua kwa sura. Aliitwa Remei, wa shamba la upande wa Viladrau.

"Bibi, shikamoo. Naomba—"

Remei hakumtazama usoni. Alitazama nyuma ya baiskeli, chini, karibu na tairi. Akafunga dumu polepole.

"Nani alikupisha?" akanong'ona.

"Nini?"

"Huko chini. Nani alisimama ukampita?"

Gisela akaelekeza kidole barabarani alikotoka. "Mwanamume mmoja. Simjui."

"Basi ndiye aliyekuachia."

"Kuniachia nini, bibi? Sema waziwazi, nimechoka!"

"Teremsha sauti!" Bibi alisogea, lakini hakuvuka upande wa nyuma wa baiskeli. "Mama yangu aliwaita wenye miguu mizito. Walionyongwa Viladrau zamani kwa uchawi, au hao waliowachongea, sijui. Hata yeye hakujua. Zamani walipanda migongo ya watu. Mtu anafika kwake, anaugua mguu, anaugua kifua... Siku hizi nani anatembea huku? Mnapita kwa magurudumu."

"Nakutoaje?" Ulimi ulimtatizika. "Namtoaje?"

"Simama. Mwache mtu akupite. Ataondoka naye. Wewe usigeuke."

"Na huyo mtu?"

Remei alipandisha madumu garini.

"Nipeleke kwa gari, bibi. Baiskeli tuiache hapa hapa."

"Nina wajukuu nyumbani, mwanangu."

Mlango ukafungwa. Gari likaondoka. Gisela alibaki anatazama taa nyekundu zikimezwa na ukungu. Alijaribu simu, mtandao hakuna. Alitamani kukaa chini alie, lakini hasira ilimkatalia.

Aligeuza baiskeli. Alivuka Santa Fe, akaanza kuteremka. Sasa yeye ndiye aliyeacha kukanyaga, na gurudumu lake mwenyewe likawa linalia. Nyuma yake, kimya.

Kilikuwa kinakanyaga.

Kilimsukuma. Alibana breki mpaka vidole vikafa ganzi, mpaka harufu ya mpira ulioungua ikajaa puani, na bado kona zilimjia mbio. Mara moja kitu kama pumzi, baridi na mbichi, kilimgusa nyama ya nyuma ya goti...

Taa! Mwanga mdogo ulikuwa unapanda kutoka chini.

"Dada! Gisela!"

Alikuwa Eudald. Aliona haya, baadaye alisema; goti halikuwa na kitu, alikuwa anatazama mpira kwenye runinga na dhamiri ikamsuta. Walipishana. Akageuza baiskeli, akaja kwa nyuma.

"Mbona unateremka kama gari la maiti? Ngoja nikae mbele nikukinge upepo."

"Usinipite!"

"Eh?"

"Eudald, usinipite! Kuna kitu nyuma yangu!"

"Ni mimi niliye nyuma yako, dada!"

"Kaa hapo hapo! Nakuomba!"

"Umenuna. Sawa, nastahili." Alikuwa anacheka. "Lakini leo nakaa mbele, utake usitake. Maisha yako yote unalia kwamba sikai mbele."

Alichepuka kushoto. Gisela alijaribu kukanyaga, kumzuia, kumzibia njia. Miguu ilikataa. Eudald akampita huku anapiga mluzi.

Baiskeli ya Gisela ikawa nyepesi kama unyoya.

Kati yake na mgongo wa mdogo wake palikuwa na nafasi ya urefu wa baiskeli moja. Harufu ya majivu mabichi ilikuwa imesimama katika nafasi ile.

"Simama! Nipishe! Nataka kupita!"

"Usikae mbele, kaa mbele, nipishe!" Eudald alipiga kelele bila kugeuka. "Wanawake wa ukoo huu hamridhiki!" Na baada ya kona kadhaa, kwa sauti ya mshangao: "Ajabu. Sasa goti linauma kweli."

Hakusimama mpaka alipoingia katika gereji ya nyumba yake.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba kama mtungi. Daktari akapiga picha, akatoa damu, hakuona kitu. Gisela alikwenda kila siku na maneno yale yale: inuka, tupande hata hatua chache, usimame nikupite, nikichukue. Siku ya kwanza Eudald alicheka. Siku ya pili alimwambia akalale. Ijumaa mkewe, Fina, ndiye aliyefungua mlango, macho mekundu.

"Wifi," alisema polepole, "kuna kitu kinazunguka kwenye korido. Tk-tk-tk. Kinasimama mlangoni kwa watoto."

Jumamosi Eudald alikubali. Lakini hakuweza kupanda hata ngazi. Jumapili walimbeba wakampandisha baiskeli, wakamfunga mguu kwa kitambaa. Llorenç alishangilia kwa kipaza sauti: "Huyo ndiye mwanamume! Anaumwa na amekuja!"

"Mwenyekiti," Gisela akamvuta mkono, "mtangulie wote. Mimi na Eudald tuacheni nyuma kabisa. Msitungoje."

"Bila shaka, dada wa dhahabu."

Walibaki nyuma, wawili tu. Gisela alisubiri mpaka msafara ulipopotea kwenye kona za juu. Eudald alikuwa anapumua kama mzee, machozi yakimtoka. Pale barabara ilipoingia msituni Gisela akasema, "Hapa. Shika upande. Simama."

Eudald akashika upande. Akaweka mguu mzima chini.

Gisela akavuta pumzi. Alikuwa na hofu, lakini alikuwa ameamua. Akaanza kukanyaga ampite.

"Hao hapo! Hatumwachi mgonjwa nyuma!"

Sauti ya Llorenç. Walikuwa wamejificha kwenye kituo cha mapumziko chini ya barabara, ambacho Gisela na Eudald walikwishakipita bila kuwaona, chama kizima, ili wawashtue. Walitoka wote kwa kishindo, wakiimba, wakipiga kengele, wakapita pande zote mbili za Eudald, wakampita na Gisela kabla hajafika, jezi za manjano mbele ya jezi za manjano, wakisukumana na kucheka.

"Simameni!" Gisela alipiga mayowe. "Simameni wote!"

Wakapokezana zamu. Wa mbele akarudi nyuma, wa nyuma akaja mbele.

Alipofika kwa Eudald, mdogo wake alikuwa anautazama mguu wake, anaukunja na kuukunjua.

"Kimekwenda, dada," akanong'ona. "Kwa nani?"

Gisela hakuweza kujua. Aliwafukuza mlima mzima. Aliwafikia mmoja mmoja, na hakuna aliyekubali kupitwa; akanusa kama mbwa, akatega sikio, lakini katika msongamano ule kila mmoja alikuwa anaacha kukanyaga mara kwa mara, na kila gurudumu lilikuwa linalia. Alimwambia Llorenç, akaambiwa anywe maji. Aliwaambia wengine, wakacheka mpaka wakapaliwa. Jioni, kwenye meza ndefu ya soseji na maharage huko Sant Celoni, aliuliza nani anahisi miguu mizito.

Wote wakainua mikono.

"Ndio mlima huo, mama!" wakasema.

Walianza kuagana. Kijana aliyeoa mwezi uliopita. Mwalimu mwenye mapacha. Llorenç mwenyewe. Baiskeli zikatawanyika katika vichochoro vya mji, kila moja kuelekea nyumba yenye taa. Gisela alisimama katikati ya uwanja, mikono juu, akiwaita kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, mpaka sauti ikamkauka.

Nao, kwa furaha, wakampungia.