Mchanga wa Upande wa Pili

Kila Jumamosi, nikishamaliza kufua sare, nilichukua kamba ya kupimia na daftari nikaenda ufukweni. Kazi hiyo alinipa shangazi yangu, mpimaji wa bandari. Nilipima kutoka kigingi cha nyuma ya nyumba ya bibi hadi maji yalipofika. Zikibaki mita kumi, alisema, bibi atahama, na kaburi la babu litahamishwa pia.

Tangu ukuta wa kuzuia mawimbi ujengwe, upande mmoja wa pwani ulinenepa, mwingine ukakonda. Mchanga uliokuwa ukisafiri na maji ulinaswa na ukuta, ukarundikana upande wa bandari hadi tukapata uwanja wa mpira. Upande wa bibi mchanga haukufika tena, na bahari ikala ardhi.

Siku nilipopata mita kumi na moja, bibi alikuwa anapalilia kaburi huku akizungumza na mumewe.

"Mzee, mjukuu wako kaja na kamba yake. Mwambie sitoki hapa ng'o."

Nilicheka, lakini roho iliniuma. Jumamosi iliyofuata nilivuka ukuta, nikapima kwenye kigingi kingine cha upande wa bandari, nikaandika kana kwamba ni cha bibi. Kumi na tatu. Kisha kumi na tano. Shangazi, aliyekuwa kazini mbali, alizipokea namba zangu kwa simu akashukuru Mungu. Nami nikajiona mjanja, mpumbavu mimi.

Wiki ya nne bahari ilichafuka. Asubuhi tulikuta kaburi halipo, hata jiwe la kichwani. Bibi alisimama ukingoni akitazama maji. Nikamweleza yote huku nikilia.

Shangazi alirudi siku ileile. Alipoona daftari hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Kwa vipimo vya kweli alivyochukua mwenyewe aliwabana wakubwa wa bandari, na malori yakaanza kuhamisha mchanga kutoka upande ulioshiba kuupeleka upande wetu. Nyumba ikapona.

Jioni moja nilimwambia bibi, "Nisamehe. Sikutaka uhamishwe."

Alinivuta karibu yake. "Nimeshakusamehe, mama. Lakini shika hili: ukweli unauma, ila unampa mtu muda wa kufungasha. Ungeniambia, ningelia, kisha ningehama na babu yako."