Hsiu-man Kawasha Taa

"Hsiu-man, zima taa!"

"Sizimi."

"Nini?"

"Baridi imekuziba masikio? Nimesema sizimi."

Kun-yao alikuwa juu mlimani na wageni waliotoka Taipei kuja kuona vimondo. Chini yao mji wote ulikuwa giza, isipokuwa nyumba moja: nyumba ya wageni ya mkewe, inawaka bustani hadi paa utadhani kuna harusi. Na Kun-yao ndiye mwenyekiti wa kamati ya kulinda giza! Ndiye aliyepita mlango kwa mlango, miaka mitano, akiwabembeleza watu wafunike taa ili nyota zionekane na watalii waje. Aibu ilioje!

"Mke wangu, wageni wananitazama. Tafadhali."

"Wenzako wanakutazama. Mimi hata sikuoni."

Akakata simu. Papo hapo ukaingia ujumbe wa jirani, Mama Chiu: "We mwanamke, una wazimu? Mumeo alinizimisha mpaka taa ya mlangoni, nikajigonga goti. Leo wewe ndiyo unawasha hivyo?"

Hsiu-man akamjibu: "Washa na yako, Mama Chiu. Leo ruksa."

Haukupita muda, gari likafunga breki nje. Kun-yao akaingia anafoka.

"Unanidhalilisha mbele ya mji mzima!"

"Karibu nyumbani. Umekula?"

"Usinifanyie mzaha! Swichi ya taa za nje iko wapi?"

"Palepale siku zote. Kumbe hata swichi ya nyumba yako huijui."

Kun-yao akaingia jikoni kuitafuta. Pale mezani palikuwa na masufuria ya supu ya mbavu na kabichi, bakuli chafu zimepangwa mlima. Mkewe alikuwa amekaa katikati yake, aproni imelowa, hana hata nguvu ya kugombana vizuri.

"Nimekukosea nini, Hsiu-man?"

"Wageni wako nani anawapikia?"

"Wewe."

"Ukishawapeleka kwenye nyota zako, vyombo nani anaosha?"

"Wewe, lakini..."

"Naoshea wapi?"

"Si hapa jikoni?"

"Geuka utazame dirisha."

Akageuka. Pazia jeusi, zito, alilolitundika kwa mikono yake mwenyewe ili mwanga wa jikoni usitoke nje.

"Watu wanatoka mbali kuja kuona nyota," Hsiu-man akasema, taratibu. "Mimi ninayeishi hapa naona pazia. Wewe unarudi alfajiri, mimi naamka kupika uji. Tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Kesho nakwenda kwa dada yangu Tainan, na sidhani kama nitarudi."

Kun-yao akashtuka, akamshika mkono.

"Basi twende nje! Nazima taa, nakuonesha vimondo sasa hivi, wewe na mimi tu!"

"Sitaki vimondo! Mbona huelewi wewe mtu? Niliolewa na wewe, sikuolewa na mbingu. Nimechoka, Kun-yao. Nimechoka mpaka mifupa. Nataka mume akae hapa. Hata asiponisemesha, akae tu."

Machozi yalimlenga, akayafuta kwa aproni.

Kun-yao akatoka. Akapapasa ukuta mpaka akaipata swichi, akazima taa za nje. Hsiu-man akajua ndiyo basi tena, mtu karudi mlimani kwake. Lakini mlango ukafunguka, mwanaume akaingia, akakunja mikono ya shati, akashika sufuria. Anasugua vibaya, maji yanamwagika sakafuni, ila anasugua.

Simu ikaita. Mikono ina povu, akaipokea kwa kiwiko, sauti ya mgeni mmoja aliyebaki mlimani ikasikika jikoni kote.

"Mwalimu wa nyota! Anga limefunguka, njoo upesi! Unarudi saa ngapi?"

"Sirudi. Mwambieni msaidizi wangu, Chih-wei, awaongoze. Na kesho ni yeye. Mimi nitakuwa napanda mlimani Jumamosi tu."

"Kuna tatizo, mwalimu?"

"Hakuna. Mke wangu yupo nyumbani."

Akajifuta mikono, akavuta kiti, akakaa karibu naye. Hsiu-man akamlalia begani.

"Mke wangu, nisamehe," Kun-yao akaanza. "Nilidhani ukinyamaza ndiyo umeridhika. Nilidhani..."

Maneno hayo Hsiu-man alikuwa ameyangoja miaka. Alitaka ayasikie yote, ayaweke. Wapi! Kun-yao alipofika katikati ya kuomba msamaha, mwenzake alikuwa ameshalala fofofo, anakoroma.