Petroli Katika Shimo la Ndizi

Kila asubuhi Sostenes alifanya mambo matatu. Alifuta pikipiki yake, alikunywa uji, kisha alianza kulaumu bei ya petroli. Kuna siku uji ulikosekana. Lawama hazikukosekana hata siku moja.

Sostenes alikuwa dereva wa bodaboda katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila kwa ubishi hakuwa na mwenzake. Akikutana na mtu barabarani alisimama papo hapo, akaanza kueleza jinsi kodi za mafuta zinavyommaliza. Muda wote huo injini ilinguruma, na abiria alikaa nyuma akisubiri. Mama mmoja alichoka, akashuka na kuku wake, akaenda kwa miguu. Alifika sokoni, akauza kuku, na aliporudi akamkuta Sostenes pale pale, bado anaeleza.

Mkewe, Adventina, alimshauri mara nyingi azime injini kwanza, ndipo alaumu. Sostenes alijibu kwamba injini ikizimwa, na hoja nayo hupoa.

Mwezi huo nyumba yao ilikuwa na jambo kubwa. Binti yao, Tecla, alikuwa amepata mchumba. Baba wa kijana, mzee Yohanes, angekuja na wazee wenzake kutoka Bisibo, wilayani Biharamulo, kuleta posa. Wageni wa namna hiyo hawapokelewi kwa maji matupu. Adventina alitaka wanywe urwagwa, ile pombe ya ndizi ambayo kwa kuitengeneza alisifiwa kijiji kizima.

Basi alikata mikungu minane. Aliipanga katika shimo la kuivishia ndizi nyuma ya nyumba, akaifunika kwa majani ya migomba na udongo. Pembeni mwa shimo kulikuwa na kijishimo cha moto. Moto ukiwaka hapo, moshi na joto huingia shimoni na ndizi huiva upesi. Jumatatu aliwasha moto huo.

"Jua likiendelea, moto wa leo unatosha," alimwambia mumewe. "Mvua ikinyesha, nitawasha tena."

Sostenes aliitikia, lakini masikio yake yalikuwa kwenye redio. Redio ilisema kwamba bei mpya za mafuta zingeanza Jumatano, na huenda zikapanda.

Jumanne Sostenes alienda kwenye kituo cha mafuta cha njia panda. Aliomba ajaziwe vidumu vinne. Nyamizi, jirani yake aliyefanya kazi pale ya kuuza mafuta, alikataa. Alimwambia kwamba petroli haiwekwi katika vidumu vya pombe, wala haipelekwi nyumbani kwa watu.

Sostenes hakubishana, jambo ambalo lingemtia mtu yeyote wasiwasi. Alijaza tangi. Alienda nyuma ya migomba, akanyonya petroli kwa mpira, akaimimina katika kidumu. Kisha akarudi kujaza tena. Alifanya hivyo mara nne. Kila safari alitema mate njia nzima.

"Baba Tecla, leo pikipiki yako ina kiu," Nyamizi alimwambia.

"Ni milima," alijibu Sostenes.

Sasa vidumu angeviweka wapi? Nyumbani Adventina hakutaka hata kunusa petroli. Mwizi naye ana macho. Sostenes aliwaza, akajisifu moyoni. Hakuna anayefukua shimo la ndizi kabla ya siku zake. Jioni, moto wa jana ukiwa umeshazimika na Adventina amekwenda kisimani, alifukua pembeni mwa shimo, akavilaza vidumu katikati ya ndizi, akafukia. Kidumu kimoja hakikuwa na kifuniko. Alikiziba kwa gunzi la hindi.

Alhamisi mvua ilinyesha. Waendesha bodaboda walijibanza kwenye kibaraza cha duka. Nyamizi, aliyekuwa ametoka kazini, alijibanza nao. Bei ilikuwa imepanda kweli, ingawa kidogo. Sostenes alisimama katikati, pikipiki yake ikinguruma pembeni.

Alisema wenye vituo hupanga bei wanavyotaka, na serikali inaongeza kodi juu yake. Tozo zote zifutwe, alisema, hata kesho. Gaspari, mwenzake wa kijiweni, alikataa. Wiki iliyopita yeye na gunia la maharage walikuwa wameanguka katika shimo la barabara. Mguu wake bado ulikuwa na bandeji.

"Tozo ikifutwa yote, barabara utaitengeneza wewe?" aliuliza Gaspari.

"Mbona tunalipa na mashimo yapo?" alijibu Sostenes.

Wakamgeukia Nyamizi awaamue. Nyamizi alisema kwamba kila mwezi EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, yaani bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuipita. Bei hiyo hubandikwa kituoni. Mteja asome, kisha adai risiti. Ndani ya bei hiyo kuna gharama ya kununua mafuta nje ya nchi, na nje hununuliwa kwa dola. Kuna gharama ya meli, na ya lori linalosafiri kutoka bandarini hadi Ngara. Kuna faida ya wafanyabiashara. Halafu kuna kodi na tozo za serikali, ikiwemo fedha ya barabara.

"Kwa hiyo nani kasema kweli?" aliuliza Gaspari.

"Nyote wawili mna hoja," alisema Nyamizi. "Tozo ikipunguzwa, mafuta yatashuka bei, lakini itabidi fedha ya barabara itafutwe kwingine. Ikibaki, mna haki ya kuuliza imefanya nini. Ulizeni kwenye mkutano wa kijiji. Mwambieni diwani. Hapa kibarazani anayewasikia ni mbuzi."

Mbuzi alikuwepo kweli, naye hakuonyesha nia ya kujibu.

"Ila hiyo pikipiki inayonguruma bure, Baba Tecla, hiyo si kodi," aliendelea Nyamizi. "Hiyo ni wewe."

Watu walicheka. Sostenes aliona amedhalilishwa, akataka kuonyesha akili zake. Alisema yeye hana wasiwasi na bei, kwa kuwa amejiwekea akiba. Nyamizi aliacha kucheka. Aliuliza akiba hiyo iko wapi.

"Mahali salama. Chini ya ardhi."

"Baba Tecla, petroli hutoa mvuke," alisema Nyamizi. "Huuoni. Mvuke huo ni mzito, hutambaa chini kama maji. Ukikuta moto, hata hatua kadhaa kutoka kwenye kidumu, unalipuka. Umeweka chini ya ardhi wapi?"

Sostenes alitazama mvua. Akakumbuka maneno ya Adventina, yale aliyoyasikia nusu. Mvua ikinyesha, nitawasha tena.

Alirukia pikipiki. Injini ilikohoa mara mbili ikazimika. Tangi lilikuwa tupu, kwa sababu ya ubishi wa asubuhi nzima. Akiba yote ilikuwa kwenye ndizi.

Akatoa simu. Aliogopa kweli. Simu iliita, ikaita, ndipo Adventina akapokea.

"Mama Tecla, uko wapi?"

"Niko shimoni, nawasha moto. Kiberiti kimelowa. Nimebakiza vijiti viwili."

"Usiwashe."

"Kwa nini? Ndizi zitapoa. Unataka mzee Yohanes anywe nini?"

Sostenes aliangalia kibaraza. Watu wote walikuwa wakimtazama, hata wenye duka walikuwa wametoka nje. Alitamani kusema uongo mmoja mdogo. Alisikia upande wa pili kijiti kikikwaruzwa, kisha Adventina akisonya.

"Kimebaki kimoja," alisema Adventina.

"Mke wangu, kuna petroli ndani ya shimo. Niliiweka mimi. Tupa hicho kiberiti, mchukue Tecla, nendeni mbali. Mimi ni mjinga."

Adventina alikitupa kiberiti. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mjinga sana, au kidogo?"

"Vidumu vinne," alisema Sostenes.

Nyamizi na Sostenes walipelekwa na Gaspari, watatu juu ya pikipiki moja, na kwa siku hiyo hakuna aliyelaumu mashimo. Nyamizi alizuia mtu yeyote kusogea na moto au sigara. Jiko la ndani lilizimwa kwa maji. Simu ziliachwa mbali. Walifukua polepole kwa mikono. Lile gunzi la hindi lilikuwa limelegea, na nusu ya kidumu ilikuwa imemwagikia ndizi. Harufu yake iliwatoa machozi. Udongo uliolowa mafuta waliuhamishia mbali na kisima, wakaufukia kwa mchanga. Ndizi zote zilitupwa. Nyamizi alikataza hata nguruwe kupewa. Mafuta yaliyobaki yalimiminwa siku ile ile, uwanjani, katika matangi ya pikipiki za waendesha bodaboda wenzao waliowafuata, zikiwa zimezimwa na kupoa.

Gharama ya mikungu minane ilizidi mara nyingi kile alichookoa Sostenes kwa kununua mapema. Adventina hakumgombeza. Alimwambia neno moja tu, kwamba wageni wakiuliza pombe iko wapi, atakayejibu ni yeye.

Siku zile za kungojea, Sostenes alibadilika. Alipima upepo wa matairi, akasafisha chujio la hewa, akakaza mnyororo. Akisimama kuongea, alizima injini kwanza. Alishangaa kuona tangi lililokuwa likiisha kwa siku mbili sasa linafika ya tatu. Kwenye mkutano wa kijiji alinyoosha mkono, akauliza fedha ya barabara ya Mugoma imefika wapi. Gaspari alimpigia makofi. Swali liliandikwa kwenye muhtasari, na diwani aliahidi kurudi na jibu mkutano ujao.

Wageni walifika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Baada ya shikamoo na marahaba, chai ya maziwa ililetwa. Mzee Yohanes alitazama kikombe, akatazama mlango, kana kwamba kuna kitu kingine kinafuata nyuma.

Sostenes alisimama. Aliwaeleza wakwe zake yote, tangu mpira wa kunyonyea hadi kijiti cha mwisho cha kiberiti. Hakuficha hata gunzi.

Mzee Yohanes alicheka hadi kofia ikaanguka. Wazee wenzake walicheka wakishikana mabega. Hata Tecla, aliyetakiwa kukaa kwa haya, alijifunika uso kwa kanga na kutikisika.

Kisha mzee Yohanes akaacha kucheka. Aliokota kofia yake polepole. Akauliza kama mvuke huo hutambaa pia ndani ya nyumba.

"Ndani ndiyo hatari zaidi," alisema Sostenes.

Mzee Yohanes aliweka kikombe chini, akatoa simu, akapiga nyumbani kwake Bisibo.

"Mama," alimwambia mkewe, watu wote wakisikia, "usiwashe jiko. Toka nje kwanza, kisha nitakwambia kilichoko chini ya kitanda chetu."