Jalada la Daftari la Herieth

Habari hii sipendi kuisimulia nikiwa sijala, na nikiwa nimeshiba ndiyo kabisa. Ilimpata dada yangu Auleria, anayekaa Chanika, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Jumapili mchana, kesho yake shule zinafunguliwa. Dada alikuwa anajalidi madaftari ya mwanawe Herieth, wa darasa la pili, karatasi za kaki zikamwishia. Basi akaingia chumbani kwa shemeji yake Gozbert, akachomoa kitabu kimoja cha katuni za kutisha. Gozbert anavikusanya tangu ujana, kila kimoja ndani ya nailoni yake, havigusi mtu. Dada akakichana. Jalada lake likalienea daftari la Hesabu sawasawa.

Kwenye jalada amechorwa Toto la Jalalani, kitoto cha katuni hizo kilichokulia kwenye takataka. Kiko uchi, kina magamba ya uchafu na ute mdomoni, na hujigeuza kuku, paka, hata mtoto wa mtu. Dada akabandika kikaratasi cheupe kifuani mwake, akaandika: Jina, Herieth Venance. Darasa la pili.

"Dada, unamwandika mtoto jina juu ya hilo dude?"

"Acha ushamba wewe. Karatasi ni karatasi tu."

Jumatano mchana akanipigia simu, analia. Nilipofika nilipokewa na harufu ya dampo lililonyeshewa. Herieth alikuwa amechuchumaa nyuma ya banda la kuku, na sare zake za shule. Alikuwa anatafuna kuku. Mbichi, na manyoya yake. Utumbo ulimning'inia kidevuni, akauvuta ndani kwa ulimi, polepole.

Ulimi ulikuwa mrefu mno.

Nikatapika palepale. Akaja kwa miguu minne, akanusa matapishi yangu. Akaniangalia. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kula. Mpaka leo uji siwezi kunywa.

Dada akakumbuka daftari. Akalibandua jalada, akakimbilia jiko la mkaa. Kwetu tumefundishwa hivyo: kitu cha shetani dawa yake moto.

Gozbert akatoka mbio chumbani kwake, akamshika mkono. "Shemeji, usichome," alinong'ona. "Liangalie kwanza."

"Ishindwe kwa jina la Yesu!"

Akalitupa. Karatasi ikajikunja, na mimi nikaliona. Toto la Jalalani halikuwepo. Aliyechorwa pale ni Herieth, na sketi yake ya bluu, viganja vyote viwili mbele kana kwamba anasukuma mlango. Mdomo wazi. Nikaingiza mkono motoni.

Nikatoa majivu.

Nyuma yetu mtoto akasimama wima. Akajifuta damu kwa kiganja. "Mama," alisema, "nina njaa."

Dada akamkumbatia, akalia kwa furaha. Ushuhuda ameshautoa kanisani mara mbili. Nikienda kwao, hicho kitoto hunijia na sauti ileile ya Herieth wetu: "Shikamoo, mama mdogo." Sijawahi kukiitikia. Dada anasema nina roho mbaya. Gozbert alihama bila kuaga.

Siku ile, kwenye majivu, niliokota jino la utotoni, na kipande cha ufizi. Nimelifunga kwenye leso kabatini. Ni mwezi wa saba sasa, na ule ufizi bado unatoa damu.