Dungu la Mchangani

Ndugu zangu wa Kibiti, nanyi wa Umwe mnaojua kulima kuliko kuogelea, haya ninayowaambia mtayacheka kidogo mwanzoni. Chekeni tu, ila msiende kabla sijamaliza.

Siku ya Idi Pili, Mfaume, mkulima wa mpunga, alikaa chini ya mti wa mkungu ufukweni, tumbo limejaa pilau, akiwatazama wanawe wakifukua kaa mchangani. Zuena ana miaka sita, Haidari hajafika mitatu. Nyuma yao kilisimama Kilima cha Msasa, na mbele bahari ilikuwa imekupwa, mchanga mtupu. Mkewe, Muzdalifa, ni mzaliwa wa Salale, na ndiye aliyeomba watoto wakaone pwani ya kwao. Kaka yake, Ukasha, aliwaleta kwa boti ya mashine. Siku ilikuwa nzuri, wallahi.

Baadaye Muzdalifa akaaga. Alikuwa anakwenda na kaka yake ng'ambo ya mkondo, kumpa shangazi yao mkono wa Idi, na watoto, kwa kuwa walikuwa wamechoka, wangebaki na baba yao.

"Baba Zuena, maji yakianza kujaa wapandishe kilimani. Leo bamvua, yatafika mbali."

"Mvua haijanyesha tangu mwezi jana," alisema Mfaume. "Hayo maji yatoke wapi?"

"Hayangoji mvua, mume wangu. Yanafuata mwezi. Mwezi huuhuu tuliofungulia."

Ukasha alicheka. "Shemeji, huku si Umwe. Maji ya huku hayapigi hodi."

Kicheko kile kilimchoma Mfaume. Mwanamume mzima afundishwe maji na mkewe, tena mbele ya shemeji! Moyoni hakuwa amekubali.

Watoto walipolala, akatamani kupanda kilima apige picha za kuwaringia wenzake. Kuwabeba wote wawili hakuweza, na chini ya mkungu palikuwa na siafu. Ndipo akaliona dungu kuukuu la wavuvi, limesimama mchangani juu ya nguzo za mikoko. Nanyi mnajua sisi shambani tunavyofanya. Mtoto hulazwa dunguni, ngazi ikaondolewa, mama akaenda kuvuna bila wasiwasi. Nguruwe hamfikii, wala mwenyewe hawezi kuteremka akapotea. Mfaume alilelewa hivyo, yeye na ndugu zake wote. Akawapandisha wanawe mmoja mmoja, akawalaza, akaiondoa ngazi, akapanda zake kilimani.

Juu kilimani alipogeuka, hakuelewa alichokiona. Mchanga ulikuwa unang'aa. Akadhani ni jua. Mto anaoujua yeye hushuka kutoka bara, hupanda taratibu, na watu wa juu hutuma habari mapema. Haya maji yalitoka baharini yakija nchi kavu, na mbinguni hapana hata wingu. Labda amepoteza pande, aliwaza, labda bahari iko kule na bara ni huku. Akazunguka mahali alipo, simu mkononi, akitafuta kibla kama mtu aliyeamshwa ghafla. Kisha akaiona ngazi inaelea.

Alishuka akianguka na kuinuka. Alipoingia majini yalimfika kifuani, yakimvuta ubavuni, na Mfaume hajui kuogelea, maana mtoni kwao anayecheza na maji huchukuliwa na mamba. Dungu lilikuwa limeanza kuinama.

"Baba, tuteremshe!" Zuena alilia, amemkumbatia mdogo wake.

"Ruka! Hapana, usiruke! Kaa! Mshike Haidari!"

Hakujua tena anachosema. Alipiga hatua mbili akarudi, akapiga mbili akarudi.

Kule ng'ambo Muzdalifa aliyaona maji yakipanda kwenye mizizi ya mikoko, moyo ukamkatalia, akaiacha chai akamwinua kaka yake. Boti ilifika nguzo moja inakatika. Muzdalifa alimdaka Zuena. Haidari aliteleza akazama, na Ukasha akaruka nyuma yake. Alipoibuka naye, mtoto alikuwa kimya, macho yamegeuka. Wakamlaza kifudifudi mapajani, wakampiga mgongoni, wakampiga tena, hadi akatapika maji na kulia. Mungu ni mwema, jamani.

Ufukweni Muzdalifa hakupiga kelele.

"Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Sasa kwa nini?"

Ni Zuena aliyesema, taratibu, akimweleza mjomba wake jambo aliloliona kwa jicho moja kabla usingizi haujamchukua tena: "Baba ndiye aliyeondoa ngazi."

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, desturi ya shambani ni nzuri shambani. Ukifika ugenini na watoto wadogo, uliza, na ukijibiwa, sikia, hata kama anayekujibu ni mkeo na shemeji anacheka. Tunapenda kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tukidhani mkuu lazima awe mwanamume. Mkuu wa jambo ni yule anayelijua, na siku ile alikuwa Muzdalifa.

Mfaume hakuvunjika guu. Alisimama salama ufukweni na ubishi wake, na waliokuwa wakizama ni watoto waliolala wakimwamini.