Chaki Chini ya Rangi

"Nani amepaka rangi hapa?"

Lela hakusalimia mtu. Alisimama mbele ya ndege ambayo yeye na Ubaid walikuwa wameiunda kwa miaka miwili ndani ya karakana yao ya mabati pale Kariobangi, akaweka kidole mahali injini inaposhikana na fremu. Siku tatu tu alikuwa mtaani Jericho akimuuguza mamake, na sasa fremu nzima ilikuwa ya buluu.

"Ni mimi," Ubaid akasema. "Si imeiva?"

"Hapa niliweka alama ya chaki. Huu mshono una ufa."

"Chaki nilifuta."

"Chaki haifutwi na mwenye haraka, Ubaid! Anayeifuta ni fundi aliyeiweka, akisharudia kuchomelea. Hiyo sheria tuliiweka mimi na wewe."

"Nimetia puti, nikapiga msasa. Hata wewe huoni ufa uko wapi."

"Puti ni ya kuzibia magari mikwaruzo! Itashika injini hewani?"

"Jumamosi tunaruka, bana. Watu wameshaalikwa. Wacha kunitia nuksi."

Lela aliutazama tena mshono. Mikono yake ilikuwa na makovu ya cheche kuanzia kiwiko hadi vidole, na kila kovu alilipata akiyategemea maneno yale yale ya Ubaid: ndege ikiruka, napeleka posa kwenu. Alimwamini, maskini, kama mtoto anavyoamini kesho ni Idi.

Mlango wa mabati ukasukumwa. Aliyeingia ni Aqsa, binti wa mzee aliyewapa injini.

"Asalaam aleikum. Wewe ndiye Lela fundi? Ubaid hukusifu sana."

"Waleikum salaam. Hunisifuje?"

"Anasema wewe ni kama dadake." Aqsa akapanda, akajaribu kiti cha nyuma huku akicheka. "Hiki ni changu Jumamosi. Tukishatua, wazee wake wanakuja kwetu na posa. Utakuja, sivyo?"

Lela akamgeukia Ubaid. Mwanamume alikuwa ameinamia simu, vidole vinakimbia. Papo hapo simu ya Lela ikatetemeka mfukoni mwa ovaroli.

"Lela pls nyamaza. Huyu namdanganya tu kwa sababu ya injini. Ndege ikiruka namwacha nakuoa wewe. Wallahi."

Aliusoma ujumbe mara mbili. Ulimchoma kuliko cheche yoyote. Na kunyamaza kulikuwa rahisi kweli: angerudi zake Jericho, Jumamosi ifike, mshono uachie, na watu waseme ajali haina kinga. Shetani alimletea wazo hilo, naye akakaa nalo kwa muda ambao hadi leo anauonea haya.

Kisha akavaa miwani, akachomeka grainda ya kusagia chuma kwenye umeme.

"Aqsa, shuka. Simama kando."

"Lela! Usithubutu!" Ubaid akapaza sauti.

Alithubutu. Rangi ilichubuka, puti ikamwagika kama unga, na ufa ukaonekana ukilizunguka bomba la fremu karibu lote. Lela akaingiza ncha ya bisibisi, akakandamiza kidogo. Bomba likaachia mshononi.

Aqsa alilitazama, kisha akakitazama kile kiti.

"Na mimi ningekuwa nimekaa hapo?"

"Ungekuwa hapo. Na usome na hii." Lela akampa simu.

Aqsa aliusoma ule ujumbe polepole. Hakulia wala kutukana. Alimrudishia Lela simu, akatoa yake.

"Baba, tuma gari lije libebe injini. Leo hii. Na wale wazee waambie wasije."



Lela alikusanya glavu zake na kofia ya kuchomelea, akatoka. Alifika kwa wauza vyuma chakavu, simu ikaita.

"Umeniua, Lela! Miaka miwili! Umeniua!"

"Ningetaka ufe, Ubaid, ningenyamaza."

Akakata. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomtia uchungu kuliko yote. Alilia njia nzima, kofia kwapani, hadi mlangoni kwa mamake.