Sahani ya Baba Mkwe

Simu ninayo, naagizia vitenge Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na haijanikosea. Lakini ikifika Alhamisi saa nne asubuhi naizima, naifukia kwenye ndoo ya unga, na naikalia ndoo yenyewe. Wanangu wananicheka. Wacheke tu. Mama yao mdogo, Jenista, hawakumjua.

Ilikuwa mwaka 2013, Tunduma ikiwa bado Mkoa wa Mbeya. Mdogo wangu Jenista alikuwa ameolewa na Rabson, wakala wa forodha hapa mpakani, mwanaume wa suruali zilizonyooshwa na maneno matamu. Rabson alikaa mjini. Mkewe alimwacha Ibaba, milimani huko Ileje, amtunze baba mkwe wake, Mzee Ambilikile, aliyekuwa amefiwa na mkewe.

Mzee alifanya kazi migodini Zambia miaka ishirini. Alirudi na kopo la tumbaku na uroho wa nyama ya nguruwe ya kukaanga. Siku moja alikuja kumtembelea mwanawe akaanguka sokoni. Zahanati moja ya hapa ikampima, ikakuta lehemu imepanda, yaani yale mafuta ya kwenye damu, na mishipa iko mbioni kuziba. Zahanati ile ilikuwa imeanza mpango mpya wa wagonjwa wa mbali. Hupandi gari kila wiki. Kila Alhamisi saa nne nesi anakupigia simu, anauliza dawa, chakula, kifua na miguu, anaandika daftarini. Kisha daktari aliyeko Mbeya anasomewa, naye anaamua. Mpango mzuri, mimi mwenyewe niliusifia.

Mzee akakataa simu. "Siwezi kuulizwa habari za tumbo langu na mtoto wa kike nisiyemwona," alisema. Basi Rabson, kwa akili zake nyingi, akampa simu Jenista ajibu kwa niaba. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ukoo ule ulishika mila ya Wandali wa zamani. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hamtazami, hamsemeshi, hataji hata jina lake. Wakikaribiana njiani mzee anakohoa, na mkamwana anaingia kichakani. Chakula cha mkwe anakiweka kwenye kigoda mlangoni, anavua kandambili, anapiga goti, anaondoka. Mzee akimaliza anatoa sahani nje, na kwa sahani hiyo mkamwana anajua kuwa mkwe amekula. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kusema kama mzee amemeza kidonge!

Kila jioni Jenista aliweka kidonge kimoja pembeni ya ugali. Kila asubuhi sahani ilikuwa nje, ile ya bati yenye ukingo wa buluu, haina kitu. Alhamisi nesi Fauzia akipiga, Jenista anasimama pembeni ya zizi, mahali pekee paliposhika mtandao.

"Mzee hajambo?"

"Hajambo."

"Dawa amekunywa?"

"Amekunywa."

Wiki ya nane alinipigia analia. "Dada, namsikia usiku anaugulia. Anasema kifua. Nifanyeje, nami siwezi kumwuliza?"

Nikamwambia ampigie mumewe. Akampigia. Rabson akamjibu: "Unataka wazee waseme mke wangu anamchunguza baba mkwe? Usinitie aibu. Ukiulizwa, sema hajambo." Kwenda mwenyewe Ibaba akamsikilize baba yake hakwenda. Malori yalikuwa mengi, alisema. Na mimi? Mimi nilirudi kwenye vitenge vyangu. Hilo nalo niliseme, lisinikae rohoni.

Alhamisi ya kumi na moja, asubuhi, sahani haikuwa nje.

Jenista aliona kuwa haipo. Alisimama pale zizini, anatazama ule mlango, simu ikaita. Fauzia akauliza kama mzee hajambo.

"Hajambo," alisema.

Mchana akapiga yowe. Majirani walivunja mlango wakamkuta mzee amekufa tangu usiku, amekaa kitandani, kwenye kopo lake la tumbaku kuna vidonge vyeupe. Sabini na sita. Nilivihesabu mwenyewe siku ya msiba, mara mbili. Wiki kumi na moja ni vidonge sabini na saba. Mzee hakuwa amemeza hata kimoja, na kile cha mwisho hakikuonekana. Wala sahani haikuonekana. Walitafuta chumba kizima.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini pale aliyeumbuliwa ni mdogo wangu. Watu wa ukoo walisema ni mchawi. Walisema amemla mzee wao kwa kutumia simu, anamtaja kwa watu wa mbali kila wiki hadi roho ikachoka. Kaka wa marehemu akaichukua ile simu, akaizima, akaitia kwenye jeneza. "Aende nayo," alisema. Nilikuwepo, niliiona ikifukiwa. Rabson alisimama na miwani yake myeusi, anapangusa vumbi kwenye suruali. Kwamba ndiye aliyemwambia mkewe aseme hajambo, hakuwaambia! Kisha wakamfukuza Jenista, na wakaahidi kuja Tunduma kulisoma daftari la nesi, waone alikuwa akisema nini juu ya mzee.

Nilijua walichokuwa wakienda kukisoma. Amekunywa, amekunywa, hajambo, hajambo. Daftari lile lingemmaliza kabisa. Basi wiki ya nne baada ya mazishi nikamchukua Jenista tukaenda zahanati, nimwombe nesi achane zile kurasa. Ilikuwa Alhamisi, jua limewaka, watu wamejaa kwenye benchi.

Nikamwambia Fauzia kwamba Mzee Ambilikile amefariki.

Alicheka kidogo, akidhani namtania. "Amefariki lini? Mbona wiki iliyopita nimeongea naye?" Akafungua daftari. "Siku hizi anapokea mwenyewe. Mzee mstaarabu sana."

Mistari mitatu. Alhamisi tatu baada ya mazishi. Dawa: amekunywa. Kifua: hakibani. Miguu: baridi.

Jenista alikaa chini sakafuni.

"Saa nne hii," nilisema. "Piga."

Fauzia akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikaita. Ikaita tena. Ikapokelewa.

Kisha kikohozi. Kikavu, mara mbili, cha mtu anayetoa taarifa kwamba anakuja. Jenista aliruka pale alipokaa akajificha nyuma ya kabati la dawa, kama alivyozoea kuingia kichakani. Miguu yake tu ndiyo niliyoiona. Alikuwa ameshavua kandambili.

"Mzee, shikamoo," Fauzia alinong'ona.

"Marahaba." Sauti ya chini, imejaa udongo. "Nimekula. Nimemaliza. Mwambieni mkamwana aje achukue sahani."

Simu ikakatika.

"La haula," alisema Fauzia, na akarudia. Akazichana kurasa bila hata kuombwa, akanisukumia daftari lote kifuani. Nilifurahi. Mungu anisamehe, kwa muda ule nilifurahi, nikidhani nimemwokoa mdogo wangu.

Nyumbani Jenista hakula. "Ni kweli, dada," alisema polepole. "Sahani sijaichukua."

"Achana na sahani! Hakuna sahani!"

"Mkwe hakai na sahani chafu."

Nilimfungia mlango siku mbili. Jumapili nilipokwenda kanisani alitoka kwa dirisha. Watu wa Ibaba walimwona mchana kweupe, anapanda kuelekea makaburini, amejifunga kanga mbili vizuri. Akawasalimia. Hakuna aliyemwona akishuka. Jioni walikuta kandambili zake ukingoni mwa kaburi la mzee, zimepangwa pamoja, ncha zikielekea kaburini. Udongo ulikuwa mkavu, haujaguswa, na majani yalikuwa yameanza kuota juu yake. Tulimtafuta hadi Malawi.

Alhamisi nilikwenda kwa Fauzia. Alikataa kupiga ile namba. Nikampigia magoti mbele ya wagonjwa wake, akapiga huku analia. Ikaita mara moja tu.

"Hajambo," ilisema sauti. "Dawa amekunywa."

Ilikuwa sauti ya Jenista.

"Jenista! Uko wapi? Mdogo wangu, uko wapi?"

Nilisikia kikohozi kwa mbali. Kikavu, mara mbili. Kisha akanong'ona, karibu sana na simu:

"Dada, usiniite kwa nguvu. Baba mkwe yuko hapa. Hakuna kichaka."

Ikakatika. Tulipiga tena, tukaambiwa namba hiyo haipatikani. Fauzia aliacha kazi mwezi huohuo akarudi kwao Kondoa. Rabson alioa kabla mwaka haujaisha.

Lakini kesho yake baada ya simu ile, Ijumaa, nilifungua mlango wangu asubuhi nifagie. Kwenye kizingiti kulikuwa na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, imeoshwa, imefunikwa kifudifudi kama Jenista alivyozoea kufunika vyombo tangu utotoni. Nikaiinua. Chini yake kulikuwa na kidonge cheupe kimoja, kimelowa, kimeanza kuyeyuka upande mmoja. Kilikuwa bado na ujoto.

Nilikibeba kwenye sahani hiyohiyo hadi ofisini kwa Rabson, nikamwekea mezani juu ya makaratasi yake ya malori. Alikitazama. Kisha akachukua gazeti, akaifunika sahani.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlango, "ukiulizwa, sema hakuna kitu."